Aliyezima Feni ya Bibi

Kila asubuhi Mama alipoingia kumwamsha Narae, alimkuta macho wazi, weusi umeyazunguka. Narae alikunja godoro lake, akalisukuma kabatini, akanawa uso, akala wali na supu huku akipiga miayo. Kisha alipita chini ya mafungu ya vitunguu saumu yaliyoning'inia ukingoni mwa paa, akavaa viatu na kwenda shule. Mwezi ule mji mzima wa Uiseong, huko Korea, ulinuka vitunguu saumu, na joto lilianza hata kabla jua halijapanda.

Langoni mwa shule, Gyumin alikuwa akimngoja kama kawaida.

"Mnyama panda huyo! Jamani, nani ana mianzi? Panda hajala!"

"Nyamaza, kichwa cha pichi," alijibu Narae. Wazazi wa Gyumin walikuwa na shamba la pichi.

"Bora kichwa cha pichi kuliko macho ya panda. Hivi usiku unafanya nini? Unalinda benki?"

Wenzao walicheka. Narae naye alijilazimisha kucheka. Darasani aliitwa ubaoni akaisahau hesabu aliyoijua tangu mwaka uliopita, na kipindi cha mwisho alilala juu ya dawati mpaka mate yakalowesha kitabu. Ajabu ni kwamba mchana usingizi ulimwinda, lakini usiku ulimkimbia.

Nyumbani walijaribu kila kitu. Mama alimnyang'anya simu baada ya chakula cha jioni. Baba alimwambia ahesabu kondoo, naye akahesabu mpaka akawachukia kondoo wote duniani. Bibi alichemsha kunazi kavu na tangawizi, akamnywesha kikombe kizima.

"Hii chai humlaza hata ng'ombe," alisema Bibi.

"Mimi si ng'ombe, Bibi."

"Naona. Ng'ombe angekuwa ameshalala."

Lakini hakuna aliyejua ugonjwa wenyewe, kwa sababu Narae hakuusema.

Mwaka uliopita, mwezi wa nane, Babu alimwita chumbani kwake. Kulikuwa na joto la kupasua kichwa. "Mjukuu wangu, nifungie dirisha, mbu wananimaliza. Halafu niwashie hiyo feni." Narae alifunga dirisha, akawasha feni, akasahau kuitegesha ijizime yenyewe. Asubuhi Babu hakuamka. Feni ilikuwa bado inazunguka, ikigeuza shingo yake upande huu na upande ule, kama mtu anayesema hapana, hapana.

Kwenye mazishi, Narae alikuwa akipeleka mabakuli ya supu kwa wageni. Alimsikia Shangazi wa mji wa Daegu, dada yake Baba, akiwaambia wanawake wenzake, "Baba alilala na feni imewashwa na dirisha limefungwa kabisa. Mtu anaponaje hapo?"

Wanawake waliitikia kwa vichwa. "Ndivyo ilivyo. Feni kwenye chumba kilichofungwa huua."

Mjini kwao jambo hilo lilisemwa na kila mtu, hata muuza feni mwenyewe. Narae alisimama na bakuli mkononi mpaka supu ikapoa. Tangu siku ile alijua kwamba yeye ndiye aliyemuua Babu yake, na kwamba hakuna mwingine aliyejua.

Ndiyo maana hakulala. Akifumba macho aliisikia feni. Na kiangazi kiliporudi, Bibi alitoa feni yake stoo, akaiweka miguuni pake. Basi kila usiku, nyumba ikishatulia, Narae alitembea taratibu juu ya sakafu ya mbao, akaingia chumbani kwa Bibi, akabonyeza kitufe. Alisimama gizani akimsikiliza Bibi akivuta pumzi, kisha akarudi godoroni kwake. Hapo tena alianza kuwaza kama Bibi ameamka na kuiwasha upya. Usiku mwingine alikwenda mara nyingi kiasi cha kutokumbuka.

Siku moja baada ya shule Narae na Bibi walikaa barazani wakifunga vitunguu saumu. Bibi alisuka majani haraka, vidole vyake vikienda vyenyewe. Ghafla alitabasamu.

"Nikuambie kitu? Lakini usimwambie baba yako, atasema nimezeeka."

"Niambie."

"Babu yako anakuja."

Narae aliangusha fungu. "Anakuja wapi?"

"Hapa hapa. Usiku. Namsikia akitembea pale kwenye mbao, taratibu, kisha anaingia kwangu na kuzima feni. Unamkumbuka alivyokuwa bahili wa umeme? Kila alipokwenda chooni usiku, alipitia chumbani kwangu akanizimia feni. Miaka yote tuligombana juu ya feni hiyo! Sasa naamka nimelowa jasho, na nafurahi kama bibi harusi."

"Hujawahi... hujawahi kufumbua macho?"

"Thubutu! Nikimtazama si atakimbia? Nabana macho hivi." Bibi akabana macho, uso wote ukakunjamana kama kunazi kavu. "Mwaka mzima nililia nikidhani ameniacha. Kumbe yupo."

Narae aliokota vitunguu vilivyotawanyika. Alitaka kusema, "Bibi, ni mimi," lakini angesemaje? Alishamwondolea Bibi mume wake mara moja. Akisema, atamwondolea mara ya pili.

"Na sasa jesa yake imekaribia," Bibi aliendelea. "Tutamwandalia meza nzuri. Tutafungua mlango aingie kama mwenye nyumba, si kunyatanyata kama mwizi wa kuku."

Jesa ilikuwa karamu ya kumkumbuka marehemu kila mwaka siku aliyofariki. Narae alianza kulifunga upya fungu aliloangusha. Nyayo za usiku zilikuwa zake mwenyewe, alilijua hilo. Lakini siku ya jesa mlango utafunguliwa, na Babu wa kweli ataingia. Atakaa mbele ya watu wote. Atamtazama yule aliyewasha feni.

Siku chache baadaye Gyumin alileta kasha la pichi kutoka kwa mama yake, akaliweka barazani huku akihema.

"Mama anasema msiziweke kwenye meza ya babu yenu."

"Kwani nani asiyejua?" alisema Narae. "Mizimu inaogopa pichi."

"Haiingii kabisa. Kwetu shambani hakuna mzimu hata mmoja, labda wa panda tu." Alimtazama vizuri, akaacha kucheka. "Narae, wewe unaumwa? Kweli nauliza."

"Siumwi," alisema Narae. Alisubiri mpaka Gyumin akaondoka, kisha akachagua pichi moja, kubwa, iliyoiva.

Siku ya jesa ilifika. Shangazi wa Daegu alikuja mapema, akavua viatu, akaanza kutoa amri. Baba aliondoa kamba ya kuanikia nguo uani ili Babu asinaswe akiingia. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, akikaanga samaki na maboga, nywele zimemganda usoni. Katika chumba cha Babu walisimamisha pazia la kukunja, na mbele yake meza. Shangazi alipanga mapeasi, kunazi, samaki mkavu na wali, kila kitu mahali pake.

Mara akasimama. Akanusa. Akanusa tena.

"Kuna harufu gani hapa?"

Alichungulia nyuma ya pazia. Alipoinuka, alikuwa ameshika pichi.

"Wifi! Njoo hapa!"

Mama alikuja akipangusa mikono. Shangazi alimwonyesha tunda bila kusema neno, kisha akasema mengi.

"Nani anapika katika nyumba hii? Nani anafagia chumba hiki? Baba yangu anarudi kwake mara moja kwa mwaka, na wewe unamwekea pichi nyuma ya pazia! Ulichoka kumhudumia alipokuwa hai, sasa hutaki hata aje kula?"

"Wifi, sijaiweka mimi. Naapa."

"Basi imetembea yenyewe?"

"Dada, punguza sauti," alisema Baba.

"Nipunguze nini? Mtetee mkeo!"

Bibi alikuwa mlangoni. Hakugomba. Alimtazama Mama kwa macho ya mtu aliyepigwa, akauliza polepole, "Mkwe wangu, hata wewe hutaki aje?"

Siku nzima Mama hakuwa amekaa chini. Narae alimwona akishika upande wa nguo yake na kuukunja, na hakuweza kuvumilia zaidi.

"Ni mimi," alisema. "Mama hakufanya kitu. Pichi nimeiweka mimi."

Wote waligeuka.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza Baba.

"Ili Babu asije. Akija atasema ni mimi niliyemuua."

Kisha maneno yalimtoka yote kwa pamoja: dirisha, mbu, feni, supu iliyopoa. Alisema hata lile alilotaka kulificha kuliko yote. "Na nyayo za usiku, Bibi... si Babu. Ni mimi. Nilikuwa nakuja kuzima feni ili usife na wewe. Nisamehe. Hakuna aliyekuwa akija. Nilikuwa mimi tu."

Samaki aliungua jikoni na hakuna aliyekwenda kumgeuza.

Baba alikaa chini mbele ya Narae, wakawa sawa kwa kimo. "Nisikilize. Babu yako alikuwa na ugonjwa wa moyo, tangu wewe hujaanza shule. Daktari alimkataza kubeba magunia, na siku ile ile alikuwa amebeba. Hospitali walituambia wazi: moyo ulisimama. Feni inapuliza hewa tu. Haimuui mtu."

"Lakini Shangazi alisema..."

Shangazi alikuwa bado ameshika pichi. Alionekana hajui aiweke wapi. "Nilisema," alikiri kwa sauti ndogo. "Nilikuwa na uchungu, nikasema lililokuja mdomoni. Kila mtu husema hivyo. Sikujua kama kuna mtoto nyuma yangu na bakuli." Akapiga magoti, yeye mtu mzima na nywele zake za mvi. "Nisamehe, Narae. Na wewe, wifi, unisamehe."

"Mbona hamkuniambia habari za moyo?" Narae alimuuliza baba yake.

"Tulidhani hayo ni mambo ya wakubwa. Tulikosea."

Narae aligeuka kumtazama Bibi, kwa maana huko ndiko kulikokuwa na hukumu aliyoiogopa. Bibi alikuwa ameegemea mlango. Machozi yalimshuka, lakini hakuyafuta.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Bibi."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

"Mara nyingine mara mbili, mara tatu. Nilidhani mzee amepata tatizo la kibofu huko aliko." Akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha akaketi, akamvuta Narae mapajani ingawa alishakuwa mkubwa mno. "Nitakuambia na mimi langu. Usiku ule alipofariki nilimsikia akikohoa. Nikajisemea, ah, mzee huyu na kelele zake, nikajifunika shuka mpaka kichwani. Mwaka mzima nimejiuliza, je, ningeinuka? Nawe ukajiuliza, je, nisingewasha? Ukuta mmoja katikati yetu, kila mtu anakodoa macho gizani upande wake."

"Umekasirika kwamba si Babu?"

Bibi alifikiri kabla ya kujibu. "Nimesikitika. Sitakudanganya. Lakini kumbe aliyekuwa akinyata kuangalia kama napumua ni mtu hai, mwenye miguu ya joto. Hilo nalo si dogo."

Mama alikwenda kuokoa samaki. Shangazi alitoka uani, akaila pichi ile mpaka kokwa akiwa peke yake karibu na lango, kisha akanawa mikono mara mbili kabla ya kurudi kwenye meza.

Giza lilipoingia waliwasha ubani, wakafungua mlango wa mbele. Upepo mdogo uliingia, moshi ukapinda. Narae alitazama mlangoni. Ilipofika zamu yake, alimimina pombe ya mchele kwenye kikombe kwa mikono miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Babu," alinong'ona, "dirisha nililifunga kwa sababu ya mbu." Kwa mara ya kwanza katika mwaka ule alimkumbuka Babu akiwa hai, akikuna shingo na kuwatukana mbu.

Baada ya kuinama walishusha vyakula mezani ili wale pamoja. Baba na Shangazi walianza kubishana nani alikuwa akipendwa zaidi na marehemu. Mama akapokea sahani, akageuka kumpa Narae sehemu yake. Narae alikuwa amelala. Alilala pale pale sakafuni, shavu juu ya mbao, mdomo wazi.

"Mwamsheni," alisema Shangazi. "Hajaonja hata samaki!"

"Asiguswe," alisema Bibi. Alimwekea mto chini ya kichwa, kisha akawatazama wanawe mmoja mmoja. "Tulimpa chai, tukamhesabisha kondoo, tukamnyang'anya simu. Hakuna aliyekaa naye akamuuliza anaogopa nini. Mtoto asiyelala, kwanza muulize, kisha umsikilize mpaka mwisho, ndipo uchemshe chai. Na yeye akiamka nitamwambia hivi: neno linalokunyima usingizi usilale nalo. Lilete kwangu mchana, hata likiwa baya, hata likiwa litaniumiza. Leo limeniuma, na bado niko hapa."

Baba akateremsha sauti, Shangazi naye akaweka bakuli lake chini taratibu ili lisigonge, na wote wakaendelea kula kwa kunong'onezana.