Fyuzi Isiyokatika

Gari lilinuka kabla halijashika moto, na Gad, fundi aliyefunga nyaya zake, aliijua harufu ile. Ilikuwa saa kumi jioni. Mvua ilikuwa imelishukia eneo la Endiinzi kwa hasira mpaka mchana ukawa giza, na Appolinaire, dereva na mwenye basi lile dogo, alikuwa amewasha taa nne za kwenye keria ya paa ili aione njia. Kwenye kiti cha nyuma alilala Ezira, kaka yake Gad, paja limepasuliwa na pembe ya ng'ombe aliyemlea mwenyewe tangu akiwa ndama. Walikuwa wakimkimbiza Mbarara kwa madaktari. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, moto ukaufuata, na injini ikazimika bondeni, maji yakipita juu ya barabara mbele na nyuma.

Gad alikata waya kwa koleo, akautupia moto matope mpaka ukafa. Waya wa taa ulikuwa umesuguana na bati pale Gad alipotoboa paa bila kuweka mpira wa kuukinga, ukachunika, ukagusa chuma. Hilo peke yake lilikuwa jambo dogo. Fyuzi ingekatika, taa za juu zingezimika, na safari ingeendelea kwa taa za chini. Lakini fyuzi haikukatika, kwa sababu haikuwa fyuzi.

Tuseme ukweli, hata kama ni mchungu. Kule Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, basi hili ndilo lililomulika uwanja wa kwaya kila Jumamosi, na spika zilivuta umeme kwenye waya uleule wa taa. Fyuzi ikawa inakatika katikati ya wimbo, watu wakinung'unika. Gad akasokota uzi wa shaba, akauchomeka mahali pa fyuzi, na wimbo haukukatika tena. Kanisa zima likampigia makofi. Mchungaji akamsimamisha mbele, akasema Mungu amewapa fundi. Sifa tamu jamani! Gad alirudi nazo nyumbani akalala nazo.

Sasa uzi ule ulikuwa mzima, na kila waya ulioshikana nao umeungua. Pascaline, mke wa Ezira, hakuuliza ni nini kilichoharibika.

"Maji ya kunywa iko?"

"Chupa moja," Appolinaire alisema.

"Ni ya Ezira. Na huu mukanda nilimufunga kwa paja, tuulegeze kila mara. Tukiusahau, muguu utakufa."

Simu hazikushika mtandao. Kashojwa, walikoweza kupata gari lingine, ilikuwa mbali, saa tatu nzima kwa miguu. Gad akapanda juu ya paa na spana, akafungua nati alizozikaza kwa mkono wake, akaiteremsha keria. Kwao, kwenye milima ya Kivu, mgonjwa hubebwa na wanne, kila mtu na pembe yake ya machela. Wao walikuwa watatu. Appolinaire alitaka kuzing'oa taa kwanza zisije zikavunjika. Pascaline alimtazama tu, naye akaacha. Wakamlaza Ezira juu ya chuma, kichwa chake karibu na taa.

Waliingia majini, yakawafika kiunoni. Hakuna aliyethubutu kumtua. Walipotoka ng'ambo walikuwa wakihema, wakashika njia ya ng'ombe kati ya miiba, chuma kikiwachuna mabega, na mkanda ukasahaulika. Pascaline ndiye aliyekumbuka. Akaulegeza huku akilia, na mguu ulikuwa baridi.

Hapo ndipo walipokutana na mchunga ng'ombe, Mnyankole mzee, mwenyeji wa huko, mwenye gamubuti, viatu virefu vya mpira.

"Nyinyi napeleka mutu wapi? Huko ni kwa ziwa. Kashojwa iko hii upande."

Hakungoja kuombwa. Alibana fimbo kwapani, akaishika pembe ya nne, akaenda nao mpaka Kashojwa, jua likizama. Hapo walipata gari lingine la kuwafikisha Mbarara.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Daktari alisema kwa upole kwamba wangefika mapema kidogo, ungepona.

Waumini walikuja wodini, wakamshukuru Mungu kwa ajili ya Gad, aliyegeuza keria kuwa machela. Gad aliinamisha kichwa, akazipokea sifa hizo pia. Siku ya tatu, alipobaki na Ezira wawili tu, alitoa uzi wa shaba mfukoni, akauweka juu ya shuka na kusema yote.

Ezira aliutazama sana.

"Siku ile nilikuwa naimba," alisema. "Nilikupigia makofi kama bengine."

"Nisamehe, kaka."

"Usiniombe mimi peke yangu. Enda kanisani. Simama fasi ileile walikusimamisha, ubaonyeshe hii kitu."

Jumapili Gad alisimama. Aliuinua uzi, akaeleza kwa maneno machache jinsi alivyouweka, na jinsi mguu wa Ezira ulivyopotea kwa sababu yake. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alitazama Biblia yake, na Appolinaire, mstari wa mbele, alitazama viatu vyake.

Gad akatoka nje, akaenda akaweka koleo na spana zake mlangoni kwa Pascaline, akachukua fimbo ya Ezira. Ng'ombe wa kaka yake walikuwa hawajanywa maji tangu asubuhi, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuwapeleka.