Unga wa Kunguni na Paka wa Kadija

Kila alfajiri Kadija alikuwa wa kwanza kuamka. Alichemsha chai, akachoma mahamri, kisha akafungua mlango wa duka. Nyumba yao ilikuwa Majengo, Pumwani, mjini Nairobi. Mwaka ulikuwa 1956. Katika chumba cha mbele mumewe Mahmud aliuza mchele, choroko na bizari. Katika chumba cha nyuma walilala wote wanne: Mahmud, Kadija, binti yao Lela wa miaka sita, na Abdurahim, mtoto mchanga wa miezi mitano.

Samahani, walikuwa watano. Kulikuwa na paka pia, jina lake Kashata. Paka huyu hakuwa wa kupambia nyumba. Kabla hajaja, panya walitoboa magunia ya mchele kila wiki. Alipokuja, panya walihama, wakaenda kuwasumbua wengine. Kadija alimpenda, na hakuona haya kusema hivyo.

Lakini mwaka ule Kashata alianza kujikuna. Alijikuna asubuhi, alijikuna jioni. Baada ya muda nyumba nzima ilikuwa ikijikuna. Miguu ya Abdurahim ilijaa vipele vyekundu, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Ijumaa moja Mahmud alirudi kutoka msikitini amekunja uso. Alivua kanzu yake nyeupe, akaitandaza mbele ya mkewe.

"Tazama," alisema.

Kadija alitazama. Kidudu cheusi kiliruka kutoka kwenye kanzu, kikatua mkekani.

"Kiroboto," alisema Mahmud. "Kimeruka mbele ya watu, nikiwa kwenye safu. Mzee aliyekuwa kando yangu amesogea. Mimi, mtu mzima, nakimbiwa msikitini."

"Pole, Baba Lela."

"Pole haitoshi. Jumapili namtia paka huyu guniani. Namvusha mto, namwacha huko."

"Na mchele je? Panya watarudi."

"Afadhali panya. Panya hawanifuati msikitini."

Kadija aliikunja kanzu, akaitia kwenye nguo za kufua. Alimjua mumewe. Akishasema mbele ya kanzu iliyotandazwa, hasemi mara mbili.

Usiku huo hakupata usingizi. Alifikiri jinsi ya kumwokoa paka wake, na Jumamosi asubuhi akakumbuka kopo la unga lililokuwa juu ya kabati. Ulikuwa unga wa kuulia kunguni. Watu wengi mtaani walikuwa nao. Waliunyunyiza kwenye vitanda, na kunguni walikufa. Kadija alijiambia kwamba unga unaoua kunguni hauwezi kushindwa na kiroboto.

Mahmud alipokwenda sokoni, Kadija alimpeleka mtoto kwa jirani, kisha akamshika Kashata. Alimpaka unga mgongoni, tumboni na shingoni, akausugua mpaka ukaingia ndani ya manyoya. Kisha akanawa mikono, akaenda kupika. Moyo wake ulikuwa umetulia. Masikini, hakujua alichokifanya.

Paka ni mnyama msafi. Akichafuka, hujilamba. Kashata alijilamba mwili mzima.

Saa nane mchana Lela alikuja jikoni mbio. "Mama, Kashata anatetemeka."

Kadija alimkuta paka chini ya kitanda. Masikio yalikuwa yakichezacheza, miguu ikitetemeka, na mate yakimtoka mdomoni. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakimtazama mtu.  Kadija alitaka paka asitupwe, na sasa anamuua kwa mkono wake mwenyewe.

"Lela, kamwite Mama Nahashon. Mwambie aje sasa hivi."

Mama Nahashon, au Perez, alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili. Mumewe alifanya kazi reli. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika zahanati ya wanyama. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuosha mbwa na paka, na kuwashika daktari anapowatibu. Miaka minne ya kushika paka wenye hasira ilikuwa imemfundisha mengi. Alama za kucha zilijaa mikononi.

Perez alipoingia alimkuta Kadija amepiga magoti, ana kikombe cha maziwa.

"Weka hiyo maziwa chini," alisema Perez. "Umeipaka nini hii paka?"

"Unga wa kunguni."

"Lini?"

"Asubuhi. Nimesikia maziwa huvunja sumu."

"Si hii. Maziwa iko na mafuta, na hii sumu inapenda mafuta. Itaingia mwilini haraka zaidi. Usimpe maziwa, usimpake mafuta yoyote. Mafuta ya taa pia, hapana kabisa. Lete kitambaa kikavu, maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande."

"Tusimpeleke kwa daktari?"

"Leo ni Jumamosi, daktari ameshaondoka. Tukingojea Jumatatu tutapeleka maiti. Lete maji, Mama Lela."

Kadija alileta. Kwanza Perez alipangusa unga kwa kitambaa, akifuata manyoya yalivyolala. Kisha wakamtia Kashata kwenye karai. Perez alianza shingoni, akaizungushia povu nene.

"Mbona shingoni kwanza?" Kadija aliuliza.

"Viroboto vikiona maji vinakimbilia kichwani. Povu inavizuia njia. Shika kichwa vizuri, maji isiingie masikioni."

Waliosha, wakasuuza, wakaosha tena. Maji yalikuwa meupe kwa unga na meusi kwa viroboto. Kisha wakamfunga Kashata ndani ya taulo, kichwa tu nje, ili asijilambe na asipate baridi. Perez alimpakata na kungoja. Hawakuwa na jambo lingine la kufanya.

Mahmud alirudi wakati huo. Alisimama mlangoni, akamtazama paka kwenye taulo.

"Ana nini?"

Kadija alijibu haraka. "Labda amekula panya mwenye sumu."

Perez aliinamisha kichwa.

"Sumu?" alisema Mahmud. "Nyumbani mwangu mna mtoto mchanga na mna sumu? Basi sina haja ya kungoja Jumapili. Nipe gunia."

Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kadija aliona kifo kiko mlangoni kweli, na kwamba uongo wake ndio uliokifungulia.

"Hakula panya," alisema. "Ni mimi. Nimempaka unga wa kunguni ili usimtupe. Mtoto yuko kwa jirani tangu asubuhi, hajaugusa. Ukiwa na hasira, nikasirikie mimi."

Mahmud alikuwa mtu wa hasira za kiberiti, huwaka mara moja na kuzima. Alimtazama mkewe, kanga imelowa, macho mekundu. Alikaa juu ya gunia la choroko.

"Ungeniambia, Mama Lela."

"Ungenisikiliza?"



Jioni, kabla ya jua kuzama, mtetemeko ulipungua. Kashata aliinua kichwa, akalamba tone la maji kidoleni mwa Perez. Kadija alilia, na hakujificha.

"Bado hajapona," Perez alionya. "Jumatatu nitaenda naye kazini, daktari amwangalie. Lakini viroboto hamjamaliza. Viko vichache tu kwa paka. Vingi viko hapa ndani."

"Hapa?" Kadija alikasirika kidogo. "Mimi nafagia kila siku."

"Najua. Paka analala wapi?"

Alilala kwenye gunia kuukuu nyuma ya mlango. Perez aliliinua. Chini yake kulikuwa na rundo la vumbi.

"Hii vumbi ni ya lini?"

"Ya jioni," alisema Kadija. "Sisi hatutoi taka nje baada ya magharibi. Riziki hutoka nazo. Naziweka nyuma ya mlango, nazitoa asubuhi." Kisha akaongeza polepole, "Tangu mtoto azaliwe, asubuhi nyingine nasahau."

Perez hakucheka. Alichota vumbi kidogo, akaliweka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Punje ndogo nyeusi zilianza kutoa rangi nyekundu.

"Hiyo ni mavi ya kiroboto," alisema. "Hiyo nyekundu ni damu. Ya paka, na ya Abdurahim pia. Kiroboto hutaga mayai juu ya paka, mayai huanguka chini. Watoto wake hukua kwenye vumbi, kwenye mkeka, kwenye nyufa za sakafu. Ukiosha paka peke yake, vingine vinapanda kesho."

Mahmud alikuwa akijikuna mguu. "Basi tuache desturi yetu?"

"Nani amesema muache? Fagieni alasiri. Vumbi itoke jua likiwa juu. Riziki itabaki, viroboto vitatoka."

Mahmud alifikiri. Hesabu hiyo ilimridhisha.

"Sawa," alisema. "Nampa muda mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Sitafunga huku najikuna."

Mwezi ulibaki wiki nne. Kesho yake kazi ilianza. Gunia la paka lilichomwa moto pamoja na vumbi. Shuka na nguo za mtoto zilichemshwa. Mikeka na godoro vilikung'utwa nje na kuanikwa juani kutwa nzima. Mahmud alisogeza kitanda na magunia, na Kadija akasugua nyufa za sakafu kwa maji ya moto na sabuni. Unga wa kunguni waliufunga, wakauweka mbali na mtoto, mchele na paka.

Kashata alipewa kitambaa cha kulalia, na kitambaa hicho kilichemshwa kila wiki. Daktari alisema ameponea chupuchupu, asipakwe dawa yoyote, atolewe viroboto kwa chanuo. Kwa hiyo kila alasiri Kadija alimchana kwa chanuo lenye meno yaliyokaribiana, akianza shingoni na kwenye shina la mkia. Kiroboto kilichonaswa alikitumbukiza kwenye bakuli la maji ya sabuni. Lela alihesabu. Siku ya kwanza walipata arubaini na kimoja. Baada ya wiki moja walipata vitatu.

Wiki ya pili vilikuwa ishirini.

Kadija aliweka chanuo chini. Zilibaki siku kumi na tatu. Alimkimbilia Perez.

"Vimerudi, Mama Nahashon. Tumefanya yote, na vimerudi."

"Havijarudi. Ni vile vichanga vilikuwa bado vimejifunga kwenye vifuko vyao, maji na sabuni haviviui. Sasa vimetoka. Ukiacha leo, umefanya kazi ya bure. Endelea mpaka vikose mahali pa kutagia."

Kadija alirudi nyumbani. Akamkuta Mahmud kwenye kibaraza, Kashata magotini, chanuo mkononi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Mahmud bila kuinua macho. "Lete lile bakuli. Na usivivunje, vitumbukize."

Waliendelea pamoja. Vilipungua tisa, vinne, kimoja. Siku nne za mwisho chanuo lilitoka tupu. Miguu ya Abdurahim ilipona, na mtoto alilala usiku kucha. Mwezi ulipoandama, Mahmud hakutaja gunia. Alimwekea Kashata kichwa cha samaki, akasema kimeanguka tu.

Siku ya tatu ya mfungo Kadija alikwenda bombani kuteka maji. Wanawake saba walikuwa kwenye foleni. Mbele yake alikuwa Qorane, aliyehamia mtaani karibuni. Ndoo mkono mmoja, kopo mkono wa pili. Kadija alilijua kopo lile.

"Ni la kunguni?" aliuliza.

"La paka wangu," alisema Qorane. "Ana viroboto. Nikifika nyumbani nampaka."

Kadija alitazama wanawake waliokuwa nyuma yake. Walikuwa wenye masikio mazuri na ndimi nzuri zaidi. Jambo hili hakuwa amelisema nje ya nyumba yake, na angeweza kuteka maji akaenda zake.

"Usimpake," alisema kwa sauti ya kusikika. "Atajilamba, na atakufa."

Qorane alicheka kidogo. "Nani amekwambia?"

"Sikuambiwa," alisema Kadija. "Nilimpaka wangu."

 Qorane alilitazama kopo, kisha akamtazama Kadija. Alisogea pembeni, akampisha bombani.

"Teka wewe kwanza," alisema. "Halafu tuende kwangu, unionyeshe la kufanya."