Pigo la Nne

Siku hiyo ilianza vizuri. Bibi yangu Sikudhani aliisimulia kila mara kwa namna hiyohiyo: alikuwa ameshapeta mtama, ameanika shuka la mumewe, na mbuzi wa jirani kwa mara ya kwanza hakuwa ameingia jikoni. Mimi Batuli, mjukuu wake, nimeisikia habari ya siku hiyo tangu sijaota meno ya mbele; siri iliyofuata aliniambia babu alipokwisha kufa. Ninyi mnaopenda kusema wazee wanatunga, nawaomba mnyamaze mpaka nimalize.

Ilikuwa Zuzu, magharibi ya Dodoma, mwaka ule Wadachi walipokuwa wakiisukuma reli yao kuelekea Tabora. Babu yangu Athumani, Mrangi wa Kondoa, alikuwa kibarua kambini. Bibi alikuwa naye, na mimba yao ya kwanza ilikuwa na miezi mitano. Kazi ya babu ilikuwa nyepesi kuliko za wenzake, na walimtania sana kwa ajili hiyo. Alikuwa mpiga chuma. Kipande cha reli kilining'inizwa kwenye mti juu ya mwinuko, naye akikipiga kwa nyundo. Mapigo matatu, utambi wa baruti umewashwa, kimbieni. Mapigo manne, uji umeiva, njooni na mabakuli. Hata mgeni wa siku moja aliyajua.

Wiki hiyo babu alikuwa amerudiwa na homa. Tabibu wa kambi alikuwa akigawa kwinini, na yeye akapewa mara mbili ya wengine. Alfajiri masikio yakaanza kulia. Chiii, bila kupumzika, utadhani nyenje wameingia kichwani. Siku hizi najua kwamba kwinini nyingi huliza masikio, na kwamba mlio huisha dawa ikishatoka mwilini. Muuguzi mmoja aliniambia. Babu hakuambiwa na mtu.

Rafiki yake Yotham, Mgogo wa Mkonze, alipita akielekea kuchonga mwamba, bakuli lake la mti likiwa limefungwa kiunoni.

"Athumani, leo usitucheleweshee uji. Tumbo langu halijui kusubiri."

"Tumbo lako nani asiyelijua?" babu akamjibu.

Karibu na saa sita msimamizi aliwasha utambi, akainua kitambaa chekundu. Babu akapiga. Moja. Mbili. Tatu. Lakini milio ilizama katika ile chiii, na mkono ukasita. Amepiga tatu, au mbili? Ni maisha ya watu. Babu alikuwa mtu mwangalifu, na kwa uangalifu huohuo akaongeza moja.

Waliokuwa wakikimbia wakasimama. Wakageuka. Kutoka kule juu aliwaona wakicheka, wakifungua mabakuli viunoni, wakikata kupitia kwenye mwamba kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kwenda jikoni. Yotham alikuwa mbele. Babu alipiga kelele mpaka koo likakauka, na kelele zake mwenyewe hakuzisikia.

Walikufa watu tisa.

Msimamizi alimcharaza viboko ishirini na tano na kumwondoa kazini. Babu alisema hakuvihisi. Siku ya tatu ile chiii ikaisha, kama dawa inavyoisha. Mahali pake ukaja mlio mwingine.

Ngaa. Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Kimya kidogo. Kisha manne tena. Alipokula, alipolala, alipokuwa msalani. Manne, hayapungui, hayazidi.

Walijaribu kila kitu, na bibi alikuwa akinihesabia kwa vidole. Mafuta ya nyonyo ya vuguvugu. Mafuta ya mkia wa kondoo. Kitunguu saumu ndani ya pamba. Alijifukiza majani chini ya shuka mpaka akazimia. Tabibu wa kambi akamsukumia maji ya moto masikioni kwa bomba, yakatoka mabonge mawili meusi ya nta, akasema amepona. Mwalimu wa Kurani akamwandikia kombe, akalinywa siku saba. Alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Reli ikasonga mbele, kambi ikahama. Wao wawili wakabaki kwenye kijumba cha tembe, na chuma kikabaki kikining'inia mtini kwa kuwa kilikuwa na ufa.

Mimba ilikuwa inakua. Hilo ndilo lililomwumiza babu kuliko kukosa usingizi. Kwetu mtoto akizaliwa, baba yake humwadhinia katika sikio la kulia, ili neno la kwanza analolisikia duniani liwe la Mungu.

"Nitaweka vipi mdomo sikioni mwa mwanangu, mke wangu, na kichwa changu kimejaa wito huu?" alimwambia bibi. "Nitamtilia nini?"

"Mwalimu anaweza kumwadhinia."

"Mimi ndiye baba yake! Nimewaua watoto wa watu. Nishindwe hata kumkaribisha wa kwangu?" Akalia, mwanamume mzima, mchana kweupe, na bibi akalia naye.

Mwezi wa nane wa mimba bibi alirudi kisimani akamkuta ameketi kizingitini. Mkononi alikuwa na mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole. Ncha ilikuwa imeshaingia sikioni.

"Nikiwa kiziwi nitapumzika," alinong'ona.

Bibi aliuangusha mtungi. Akamshika mkono polepole, akautoa mwiba, akamkumbatia kichwa kwa nguvu. Sikio lake likalalia sikio la mumewe. Hapo akausikia. Mbali sana, mdogo sana, lakini wa chuma.

Ngaa. Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Hakupiga kelele. Alijifunga khanga, akamwongoza mumewe mpaka Mkonze, kwa mzee Chidawali, ambaye ndugu zake Yotham walimwamini.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaeni." Mzee hakutazama masikio ya babu. Alitazama miguu yake, halafu vumbi nyuma yake, kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu, hao hawajajua kama wamekufa. Waliitwa kula, nao bado wanaitwa. Wewe ndiye unayewaita."

"Nifanyeje, babu?"

"Waambie wakimbie. Nenda kwenye chuma chako saa ileile. Piga tatu. La tatu likilia tu, kamata chuma kwa mikono miwili, kinyamaze. Pigo la nne lisisikike na mwenye roho yeyote. Likisikika, watakuja kula." Akamnyooshea kidole. "Na uende peke yako."

Walirudi nyumbani. Kesho yake, jua likiwa utosini, babu akachukua nyundo akaondoka.

Bibi alikuwa ameahidi kubaki nyumbani. Lakini jioni iliyopita aliuona tena ule mwiba, safari hii kwenye pindo la shuka la mumewe. Angefanya nini? Anieleze mwanamke yeyote mwenye mimba ya miezi minane angefanya nini. Akamfuata, akajificha nyuma ya jiwe, hatua kumi tu kutoka mtini.

Hapakuwa na upepo. Mbuzi hawakulia.

Babu akainua nyundo. Moja. Mbili. Tatu. Akaiachia nyundo ikaanguka, akakikumbatia chuma kwa mikono miwili na kifua. Mlio ukakatika.

Bibi alihesabu pumzi zake. Babu alisimama vilevile, macho yamefumbwa. Kisha uso ukaanza kulegea. Ndege mmoja akalia, na babu akageuza kichwa kumtafuta. Alimsikia! Akaanza kucheka peke yake, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na mikono bado imekishika chuma barabara.

Ndipo chuma kikalia.

Ngaa.

Ndani ya mikono yake. Kifuani pake. Bibi alikiona kikitetemeka. Alihisi mtoto akiruka tumboni. Na babu aliendelea kutabasamu, akimtazama yule ndege. Masikio yake yalikuwa safi. Hakusikia kitu.

Mwenye roho aliyesikia alikuwa bibi.

Alikimbia akafika nyumbani kabla yake, akajitia kukoroga chungu. Babu aliingia akimwita kwa jina, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye tumbo lake.

"Namsikia," alisema. "Nausikia moyo wake, mke wangu. Kumetulia. Kumetulia kabisa."

Hapo bibi alipaswa kumwambia. Aliniambia hivyo mwenyewe, uzeeni, akinishika mkono mpaka ukaniuma. Alifungua mdomo, akamwona alivyofurahi, akaufunga. Hakuufungua tena juu ya jambo hilo mpaka mumewe alipokufa.

Siku ya pili, babu akiwa shambani, saa sita, bibi alitoka nje na ungo. Mbele ya kizingiti, katika vumbi alilolifagia asubuhi, kulikuwa na miviringo. Mipana, ya kutosha kiganja kilichokunjuliwa, mistari yake imedidimia kana kwamba kuna vitu vizito vimewekwa chini kwa mpangilio. Hapakuwa na nyayo. Aliihesabu. Tisa.

Akaingia ndani, akabandika uji.

Aliumwaga wote mahali pale, upawa mmoja katika kila mviringo. Ardhi iliunywa upesi mno. Tangu siku hiyo alipika uji wa watu tisa zaidi kila mchana. Mwaka wa njaa alipika kwa unga wa mizizi, na mwanawe akalala na njaa. Mumewe alipouliza habari ya ile miviringo, alimwambia ni alama za vyungu vyake.

Mtoto alizaliwa mchana. Alikuwa msichana, wakamwita Mwajabu, naye ndiye mama yangu. Bibi alilala kitandani hana nguvu, akamwona mumewe amembeba mtoto, ameelekea kibla, anainamisha mdomo kwenye kale kasikio. Alitaka kusema, "Mpe mwalimu." Midomo ilitikisika tu. Babu aliadhini kwa sauti nzuri, taratibu, hakukosea neno.

"Mwone alivyotulia," akasema. "Anasikiliza."

Mtoto alikuwa amegeuza macho. Alikuwa akitazama mlangoni.

Babu aliishi miaka mingi, masikio yake yakisikia mpaka mchwa kwenye paa. Wajukuu wote alituadhinia mwenyewe, kwa fahari. Mimi ni wa mwisho wao.

Bibi alipofariki mama aliirithi kazi hiyo, na tulipohamia Majengo, mjini Dodoma, aliendelea kumwaga uji mlangoni. Majirani walidhani ni sadaka, na wengine walimcheka. Mama alikuwa na tabia moja iliyonishangaza: hakuwa na saa, wala hakutazama jua, lakini saa sita ikifika tu, ananyanyuka kwenda jikoni. Siku moja, tukiwa tumeshazeeka wote, nikamwuliza.

"Mama, huwa unajuaje?"

Alinitazama akidhani namtania. "Si nasikia, kama watu wote? Linagonga mara nne, sikio la kulia." Akaacha kukoroga. "Kwani ninyi wenzangu mnajuaje kama ni saa sita?"

Usiku ule nililala naye, na sikuthubutu kuweka kichwa changu karibu na chake.

Mama amefariki mwaka huu. Mimi ni mtu mbishi, na unga umepanda bei. Baada ya mazishi nilisema imetosha, sipiki uji wa vumbi. Kwa siku arobaini hapakutokea kitu, nikajicheka kwa woga wangu wote wa utotoni. Siku ya arobaini na moja nilikuwa nachambua mchele, sikio langu la kulia likaanza.

Nilikwenda hospitali. Daktari, kijana mpole, alinimulika, akaniuliza kama nimekunywa kwinini au dawa nyingine kali, kama nimewahi kukaa penye kelele. Nikasema hapana. Akasema masikio hulia kwa sababu nyingi, nta, presha, uzee, na mara nyingine sababu haionekani. Akanipa matone, akanishauri niwashe redio kidogo wakati wa kulala. Nilimshukuru. Nilitamani kumwambia aweke sikio lake kwenye langu, lakini ana watoto wadogo, picha yao iko mezani kwake.

Nilirudi saa saba. Mlango niliufunga mwenyewe, na ufunguo ulikuwa pindoni mwa khanga yangu. Nje, mlangoni, palikuwa pasafi. Nikafungua.

Sakafu yangu ni ya saruji, naipiga deki kila asubuhi. Jikoni palikuwa na miviringo minne ya vumbi jekundu, mbele ya jiko. Mitatu ilikuwa ukumbini. Mmoja kwenye mlango wa chumba. Wa tisa ulikuwa kitandani, juu ya mto wangu, upande ninaolaza sikio la kulia, na kitambaa kilikuwa bado kimedidimia.

Sijaufua huo mto. Nimeazima sufuria kubwa kwa jirani, nimechota maji, unga nimeukoroga. Jiko limekolea. Saa yangu inasema saa sita kasoro dakika tatu, lakini siku hizi siihitaji.