Mtambulishe Mwenzako

Duka la kutoa kopi lilikuwa limefurika watu. Feni ikapeperusha kadi za picha za mwalimu mmoja wa kike: kiatu, mwavuli, ng'ombe, zote chini. Fundi friji mmoja, shati la bluu limenyooshwa pasi utadhani anakwenda kuoa, akainama kuziokota.

"Ng'ombe wako huyu, dada."

"Nafundishia Kiingereza," alijibu akicheka.

"Basi nifundishe na mimi."

Wiki hiyohiyo akajiandikisha darasa la Jumamosi asubuhi. Simu nazo zikaanza, jamani, haziishi!

"Ticha wangu, umekula?"

"Sema kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza mapenzi hayanogi, mpenzi."

Mwalimu wa watu akayeyuka. Mwezi wa tano wa mapenzi yao, mama yake alikwishanunua vikombe vipya, maana Jumapili fundi angekuja nyumbani kujitambulisha.

Jumamosi, siku moja kabla, mwalimu alitoa zoezi jipya kwa darasa hilo. Wanafunzi wanahojiana wawili wawili, kisha kila mmoja anasimama kumtambulisha mwenzake darasani. Kiswahili marufuku. Na anayezungumza hakatizwi. Makosa yake mwalimu anayaandika daftarini, anayasahihisha akishamaliza.

Fundi alikuwa nje, kwenye simu. Aliporudi maelezo yameshampita, akakalishwa na mama mmoja mshonaji, mgeni darasani. Akaulizwa, akajibu. Alidhani maneno yanaishia palepale dawatini, akaona afadhali afanyie mazoezi majibu ya usaili wake wa viza.

Mama mshonaji akasimama, gauni lake la maua likimkaa vizuri, akaanza kwa Kiingereza cha kubabaika.

"Huyu ni rafiki yangu. Ni fundi friji. Ana mke. Mke yuko ng'ambo. Mwezi ujao anamfuata."

Fundi akainamia viatu vyake. Mwalimu alitaka kumkatiza, lakini anayezungumza hakatizwi. Akasikiliza, kalamu mkononi.

"Wana mtoto wa kike. Ana meno manne. Baba anampenda sana."

Darasa likapiga makofi.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

Daftari lilikuwa jeupe.

"Hukukosea popote, mama."

Akamgeukia fundi, na siku hiyo mwalimu mwenyewe akavunja sheria yake, akauliza kwa Kiswahili mbele ya wote:

"Kumbe nilikuwa nakufundisha ili umfuate mkeo?"

"Nilitaka kukwambia, mpenzi, nikawa nakosa pa kuanzia..."

"Miezi mitano unakosa pa kuanzia? Huyu mama umemwambia kwa dakika kumi!"

Fundi akainuka. Akachukua daftari lake akatoka, na hakuna aliyemzuia.

Mwalimu alisahihisha wengine hadi wa mwisho. Wote walipoondoka, akapiga simu nyumbani.

"Mama, kesho mgeni haji."

"Haji? Kuna nini, mwanangu? Na vikombe nimeshaviosha!"

"Tutanywea sisi, mama," alisema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka.