Kifaa Kimoja Kimeunganishwa

Kile chumba chenye mlango wa bluu, mtaa wa Kasingirima hapa Kigoma, kilikuwa cha jirani yangu Spesiosa. Tulikuwa tukiazimana moto wa mkaa asubuhi. Haya alinisimulia mwenyewe, bila kulia, kama mtu anayekutajia bei za sokoni.

Ijumaa ile ya mwaka 2016 ilianza kama Ijumaa zote. Aliuza dagaa kwenye mwalo wa Katonga mpaka saa nne na nusu, akanawa mikono, akamfunga mwanawe Lyse mgongoni, akaenda Ujiji kwa Melania mwenye ofisi ya intaneti. Alikuwa Mrundi, lakini watu walimjua kama Muha wa Kasulu, na Kirundi chake kilikuwa karibu na Kiha kiasi kwamba hakuna aliyeuliza zaidi. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi kimyakimya. Waliomfukuza mumewe kutoka Burundi hakujua wako wapi, kwa hiyo alitaka jambo moja tu, mtu yeyote asijue Lyse anaishi wapi.

Mumewe, Ndizeye, alizama mwaka uliotangulia wakivuka ziwa, simu yake ikiwa kwenye mfuko wa shati. Spesiosa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mwili haukuonekana. Kwao msiba una siku ya kuvuliwa, wanaiita kuganduka, ukoo unakaa, wanakunywa pamoja, mjane anaachiwa aendelee na maisha. Yeye hakuwa na kaburi wala ukoo wa kumvua. Basi kila Ijumaa alimwandikia Ndizeye barua pepe. Alimwambia bei ya dagaa, jina la mtoto, meno yake matatu, mlango wa bluu. Neno la siri la Ndizeye alilijua, maana ni yeye aliyemfungulia hiyo barua pepe, na ndiye aliyekuwa amesoma.

Siku hiyo, sijui kwa nini, aliifungua akaunti ya marehemu. Barua zote kumi na moja zilikuwa zimekwisha kusomwa.

"Dada Melania, njoo uone."

Melania akavuta kiti. Akafungua orodha ya walioingia, kila mmoja na saa yake na namba yake.

"Hizi ni anwani za IP, mama Lyse. Kila anayeingia kwenye intaneti anapewa namba. Haisemi jina lako, haisemi mlango wako. Inasema kampuni inayokupa intaneti, na mji, tena kwa kukadiria. Za simu ndizo waongo wakubwa, uko hapa Kigoma yenyewe inasema uko Dar."

"Kwa hiyo mimi naonekana?"

"Ukiwa kwangu inaonekana ofisi yangu. Kompyuta zote sita, huko nje zina namba moja, kama watoto wa nyumba moja." Akacheka kidogo, akashuka chini ya orodha.

Ya kwanza, Bujumbura. Ya pili, Kigoma. Ya tatu, Melania akaacha kucheka.

"Hii ni namba yangu."

Ilikuwa ya leo. Saa nne na nusu.

"Leo nimefungua saa tano," Melania alinong'ona. "Labda mtu alikaa barazani. Waifai yangu inafika barazani."

Akafungua ukurasa wa ruta, ile mashine inayogawa intaneti humo ndani. "Huku kuna namba za ndani. Hizi mtu wa mbali hazipati. Ni aliye humu, au hapo nje tu."

Kompyuta sita. Simu ya Melania. Na chini yake, Simu ya Ndizeye.

Jina hilo mwenye simu huliandika mwenyewe. Spesiosa alikuwapo Ndizeye alipoliandika.

Wakatazama nje. Jua la saa sita. Baraza tupu.

Kwenye ruta jina likabaki. Halikutoka.

Melania alimbadilishia neno la siri la akaunti ya Ndizeye. Akampa tableti yake ya zamani, isiyo na laini. "Usije tena. Tumia simu yako, washa hotspoti, tableti ipate intaneti humo. Itasema uko Dar. Hapo hakuna wa kukupata."

Spesiosa akaenda nyumbani kwa miguu. Hakuogopa. Aliniambia hakuhisi kitu, hata jua. Aliamua kumwandikia kaka yake Ngendakumana, kule kambini, wafanye kuganduka hata bila mwili, yaishe.

Akafunga mlango. Akamweka Lyse mkekani. Akawasha hotspoti, neno lake la siri likiwa jina la mtoto na siku aliyozaliwa, ambalo hakuwahi kumtajia mtu.

Tableti ilikuwa bado imezimwa.

Kifaa kimoja kimeunganishwa.

Simu ya Ndizeye.

Hotspoti ya simu haifiki mbali. Hatua chache tu. Chumba chote kilikuwa hatua nne.

Ikaingia barua pepe. Kutoka kwa Ndizeye, kwenye akaunti ambayo neno lake la siri lilikuwa limebadilishwa saa moja iliyopita. Maneno matatu.

"Limeota la nne."

Akamfungua Lyse mdomo. Akapitisha kidole. Meno matatu. Halafu, pembeni, kitu kidogo kikali, kimetoboa ufizi asubuhi hiyo.

Mtoto alikuwa akitazama nyuma ya bega la mama yake. Anacheka.

Jioni hiyohiyo alirudi kambini. Baadaye nilisikia walifanya kuganduka, wakanywa, wakamvua msiba. Simu alikataa kwenda nayo, akaniachia mimi, akaniomba nisiiwashe.

Nilikaa nayo miezi minane. Juzi mwanangu mchanga amelala, mchana, nikaiwasha. Laini ilishakufa. Nikabonyeza hotspoti.

Kifaa kimoja kimeunganishwa.

Jina si lile aliloniambia, mwenye simu ameliandika upya. Sasa linasomeka Simu ya Baba Lyse.