Ngoma Kichwani mwa Yamin

Kazi aliyoipenda Yamin kuliko zote duniani ilikuwa kuchanganya lapeti kwenye meza ya bibi yake. Kila alasiri, kengele ya shule ikilia, alikimbia hadi sokoni katika mji wao wa Pakokku, akanawa mikono, akajipaka liwa mpya mashavuni na kusimama kando ya Bibi. Lapeti ni majani machanga ya chai yaliyovundikwa mpaka yakachachuka. Bibi aliyakanda kwa mafuta na ndimu, na Yamin akatia dengu za kukaanga, vitunguu saumu, ufuta na kamba wakavu. Wateja walipoisifu, Bibi alijibu, "Mikono ni ya mjukuu wangu. Mimi nimebaki kupokea sifa tu."

Meza ile ilikuwa na sheria moja. "Dengu kula utakavyo," Bibi alimwambia. "Lakini majani ni ya wakubwa. Wewe onja kwa ncha ya kidole ujue chumvi, basi."

Sheria ilisikika vizuri, ila mkono wa Yamin ulikuwa kiziwi. Bibi akigeuka kumhudumia mteja, tonge la majani lilikwenda kinywani. Akigeuka tena, tonge lingine. Lilikuwa chungu kidogo, chachu kidogo, na tamu kwa sababu limekatazwa.

Ndipo ngoma ilipoanza. Usiku mmoja Yamin aliweka kichwa kwenye mto, akasikia du, du, du ndani ya kichwa, nyuma ya sikio. Aliketi, ikanyamaza. Alilala, ikarudi. Usiku uliofuata ilikuwa vivyo hivyo, na uliofuata pia. Asubuhi alisinzia darasani, na alasiri, ili macho yafunguke, aliongeza matonge.

"Nikilala, kichwani mwangu kuna kitu kinapiga," alimnong'oneza rafiki yake Sanda.

Sanda aliacha kutafuna. "Kinapiga ukilala tu? Mama yangu! Huyo ni pepo wa mkwaju wa nyuma ya shule. Ulichuma ukwaju wake bila kuomba?"

"Mmoja tu!"

"Basi amekuchagua, shoga. Anza kujifunza kucheza ngoma yake."

Sanda alicheka mpaka akashika mbavu, lakini Yamin hakuwa na hamu ya kucheka. Jioni ile, wakila wali, alimweleza Bibi habari ya ngoma. Bibi akaweka bakuli chini. Wazazi wa Yamin walikuwa wakifanya kazi kiwandani katika nchi jirani ya Thailand, na mtoto huyo walimwacha mikononi mwake.

"Uje uugue mimi nipo?" alisema Bibi, akimshika paji la uso. "Wazazi wako nitawatazama kwa macho gani? Kesho tunakwenda zahanati."

Zahanatini waliwakuta watu wachache. Sista Mya Thet, muuguzi, alikuwa mteja wa Bibi wa miaka mingi. Alimpima Yamin shinikizo la damu, akamchungulia masikio, akamvuta kope kuona kama damu imepungua.

"Moyo unakwenda mbio kidogo," alisema. "Mwanangu, alasiri na jioni unakula nini?"

"Wali na mchuzi wa samaki, sista."

"Na nini tena? Nauliza kwa sababu moyo ukienda kasi, ukilala kimya unaweza kuisikia damu ikipita karibu na sikio. Kahawa hufanya hivyo. Majani ya chai pia, mtoto akiyala mengi."

Majani! Hata siku moja Yamin hakuwa ameyafikiria. Akafungua mdomo, lakini Bibi alimtangulia.

"Majani? Huyu? Namwachia meza nzima, sista, na hadokoi hata jani moja. Nani sokoni ana mjukuu kama wangu?" Uso wa Bibi uling'aa kwa fahari.

Yamin aliutazama uso ule. Aliona bora ngoma impasue kichwa kuliko kuuzima.

"Hakuna kingine, sista," alisema.

Muuguzi alikunja kipimo chake. "Basi siwezi kubahatisha. Mpeleke hospitali kubwa mjini Mandalay, wakampige picha ya kichwa."

Kesho yake Yamin alipofika sokoni, alikuta meza imefunikwa kitambaa. "Bibi yako yuko kwa sonara," muuza ndizi wa jirani alimwambia. "Anauza herini, akupeleke Mandalay."

Herini zile za dhahabu babu alimvisha Bibi siku ya harusi. Bibi alioga nazo, alilala nazo, alisali nazo hekaluni. Yamin alitupa mkoba mezani, akatimua mbio.

Alimkuta sonara akipaka mafuta sikio la Bibi ili herini ilegee, maana ilikuwa imeganda kwa miaka.

"Bibi, usivue!" alipiga kelele. "Ni mimi! Nadokoa!"

"Unadokoa nini?"

"Majani. Kila siku, Bibi. Ukigeuka tu, nakula. Jana nilimdanganya sista." Machozi yalimtoka, yakachora njia kwenye liwa. "Niliogopa hutanipenda tena."

Sonara akashusha mkono. Bibi alimgeukia Yamin, sikio linang'aa mafuta.

"Kumbe ndiyo sababu mtungi wa majani unaisha mapema," alisema. "Na mimi nimemlaumu panya! Nimemnunulia hadi mtego, maskini!"

Sonara akaangua kicheko. Bibi naye akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akamvuta Yamin kifuani. "Mtoto wewe! Nimelilia kichwa chako, kumbe la kuliliwa ni tumbo."

Siku hiyo hiyo walirudi zahanatini, na Yamin akasema yote mwenyewe, hata la pepo wa mkwaju.

"Acha majani kabisa mpaka ngoma ikome," alisema Sista Mya Thet. "Ngoma isipoisha, Mandalay mtakwenda, na mimi nitawasindikiza."

Ngoma ilififia usiku hadi usiku, kisha ikakoma. Walipokwenda kumpa habari, muuguzi alimshika Yamin bega.

"Safari hii ilikuwa chai tu, na pepo wa mkwaju hana hatia. Lakini ungekuwa na ugonjwa mkubwa, uongo wako ungenipeleka njia isiyo sahihi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiumwa, sema yote, hata yanayokutia aibu. Aibu hupita, na anayekupenda hakuachi."

Yamin alikuwa na hakika kwamba meza ya lapeti imemkataa milele. Lakini alasiri ile Bibi alimsogezea bakuli kama kawaida.

"Chumvi imekolea leo?" aliuliza mteja.

"Muulize Bibi," Yamin alijibu, macho chini. "Mimi nilikuwa mdokozi."

Bibi alichovya ncha ya kidole katika majani, akakipeleka mdomoni mwa mjukuu wake. Herini zilicheza masikioni.

"Onja," alisema. "Kionjo hiki ni halali yako tangu zamani."

Yamin alionja, akaongeza chumvi kidogo. Kisha Bibi akageuka kumhudumia mteja mwingine, akampa mgongo kwa makusudi, na mkono wa Yamin ukaenda kwenye dengu.