Siku Mama Subiri Alipougua

Karakana ya kushona ilikuwa nyuma ya duka la vyombo. Ndani kulikuwa na vyerehani vinne, pasi moja na meza ndefu ya kukatia. Feni nayo ilikuwepo. Ilizunguka pale ilipojisikia.

Mshonaji mmoja aliitwa Chapchap. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya kasi yake. Akianza shati asubuhi, kabla ya chai lina kola. Mara nyingine kola ilikaa nyuma mbele, lakini kasi ilikuwepo.

Mkubwa wa karakana aliitwa Mama Subiri. Hakukata wala hakushona. Kazi yake ilikuwa kupita. Oda zilikuwa nyingi, na kila mshonaji alitaka kuanza ile iliyompendeza. Mama Subiri alipita, akaweka kiganja juu ya kitambaa na kusema, "Hii subiri." Basi, hakuna aliyekigusa tena. Kingine alikiacha kiendelee.

"Huyu mama analipwa kwa kukataza," Chapchap alimnong'oneza jirani yake.

"Nimesikia," Mama Subiri alijibu kutoka mlangoni. "Masikio yangu hayana subira."

Nyumbani, utani wa Chapchap ulipungua. Yeye na mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, walitaka mtoto. Walioana zamani kidogo, na maswali ya watu yalikuwa hayaishi. Siku zake za mwezi zilikuja zilipotaka. Mwezi huu zipo, miezi miwili mitatu hazipo.

Alikwenda kliniki, akapigwa picha ya ultrasaundi. Daktari alimwambia kwamba ovari zake zina vifuko vingi vidogo, kisha akampangia siku ya kurudi wazungumze zaidi. Chapchap aliposikia "vifuko vingi", masikio yaliziba. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba ana uvimbe, tena si mmoja.

Mume hakulala vizuri. Kesho yake alirudi na chupa ya maji ya kijani.

"Muuzaji amesema inayeyusha vifuko vyote," alisema. "Hakibaki hata kimoja."

"Ina nini ndani?"

"Mizizi."

"Mizizi ya nini?"

"Mke wangu, mimi ni mtu wa vyuma. Mizizi ni mizizi."

Chapchap alicheka, kisha akalia kidogo. Asubuhi aliitia chupa mkobani. Alipanga kuinywa kazini, baada ya chakula cha mchana.

Siku hiyo Mama Subiri hakuja. Alikuwa na homa. Washonaji walitazamana kama wanafunzi ambao mwalimu wao amechelewa. Kila mtu akaanza kila kitu. Huyu alivuta gauni, akaliacha, akavuta suruali. Yule alianza mashati matatu kwa mpigo. Mchana ulipofika, kamba ya kutundikia nguo ilikuwa imejaa. Mashati ya mkono mmoja. Suruali bila zipu. Gauni lisilo na mgongo. Vazi lililokamilika halikuwepo.

Hapo akaingia Sista. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya uzazi, na nyumba yake ilipakana ukuta na ya Chapchap. Alikuja kuchukua gauni lake la kazi.

"Ni lile pale, shoga yangu," Chapchap alisema.

Sista alilitazama lile lisilo na mgongo. "Nitawahudumia wagonjwa nikiwa nimeegemea ukuta?"

Karakana nzima ilicheka. Chapchap aliinama kutafuta chupa yake, akaifungua. Sista aliona.

"Hiyo nini?"

Chapchap alimvuta pembeni akamweleza yote. Picha, vifuko, uvimbe, mizizi.

"Usinywe kwanza," Sista alisema kwa sauti ya chini. "Yai la mwanamke hukaa wapi?"

"Kwenye ovari."

"Ndani ya nini?"

Chapchap aliitazama chupa.

"Ndani ya kifuko. Vifuko hivyo ndivyo nyumba za mayai yako. Sasa unataka kuyeyusha nyumba zote, mtoto aje kupanga wapi?"

Chapchap aliifunga chupa polepole. "Mbona basi ni vingi?"

Sista alitazama ile kamba. "Kila mwezi vifuko kadhaa huanza kukua. Kwa kawaida kimoja hutangulia, yai lake hupevuka na kutoka. Vingine hupumzishwa. Kwako vinaanza vingi, halafu vinakwama njiani. Kama mashati yenu ya leo."

"Hayo ni kwa sababu Mama Subiri anaumwa."

"Umejijibu mwenyewe. Mwili una Mama Subiri wengi, wadogo mno. Wataalamu huwaita RNA ndogo. Ndani ya kila seli, oda hutoka: tengeneza hiki, tengeneza kile. RNA ndogo huishika oda fulani na kusema, hii subiri. Seli zinazolizunguka yai zinawahitaji, ili zikue kwa mpango na kutoa homoni kwa kiasi."

"Kwa hiyo ndani yangu Mama Subiri ana homa?"

"Huenda," Sista alicheka. "Kwa wanawake wenye hali kama yako, watafiti wameona baadhi ya RNA hizo zimezidi na nyingine zimepungua. Lakini kipi kinaanza na kipi kinafuata, bado wanachunguza. Homoni nazo zimo. Dawa ya kurekebisha RNA hizo bado haipo kliniki kwetu. Ukisikia mtu anaiuza kwa chupa, shika mkoba wako."

"Basi nimekwisha."

"Nani amesema? Tiba nyingine ipo. Siku ya kurudi, nenda. Na nenda na mumeo."

Jioni alipoambiwa, mume alishangaa. "Mimi niende kufanya nini? Mimi mzima. Tazama misuli."

"Kule hawapimi misuli," Chapchap alisema.

Walikwenda. Daktari alimpima damu Chapchap kuona kama kuna sababu nyingine. Mume naye alipimwa, akatoka amenywea, majibu yakawa mazuri, misuli ikarudi. Chapchap alipewa vidonge vya kusaidia yai kupevuka, na akawa anafuatiliwa kliniki. Alishauriwa kutembea kila siku na kupunguza soda iliyokuwa haibanduki kando ya cherehani. Jioni walitembea wote wawili, mume akilalamika njia nzima kuhusu viatu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kwanza siku zake zilianza kuja kwa mpangilio. Kisha, mwezi mmoja, hazikuja, na safari hii sababu ilikuwa ya furaha. Kliniki walithibitisha.

Chapchap alimwambia Mama Subiri sikioni, kwa sauti ya chini. Mama Subiri alikwenda kwenye meza ya kukatia, akachagua kipande cha kitambaa laini cha pamba, akakikunjua.

Chapchap aliweka kiganja juu yake. "Mama, hii subiri. Bado mapema."

Mama Subiri alikiondoa kile kiganja taratibu, akaketi kwenye cherehani ambacho hakuna aliyewahi kumwona amekikalia.

"Hii," alisema, "iendelee."